Mwalimu kasema logo yangu ya Mtwara ni ya kitalii, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili nasomea dizaini hapa Dar ila nyumbani ni Mtwara, Chuno. Tumepewa projekti ya muhula mzima, kila mtu achague mji anaoujua halafu autengenezee utambulisho wake wa picha, yaani logo, rangi, herufi, mabango na vitu vya kugawa kama tisheti na stika. Mi nikachagua nyumbani bila kufikiria mara mbili. Nimechora korosho, mashua, kinyago cha Kimakonde na moto wa gesi, vyote viko ndani ya duara, nikaweka bluu ya bahari na kijani. Mwalimu kaangalia kama dakika moja hivi akasema "hii ni Mtwara ya mtalii, nenda kaniletee Mtwara yako" basi akaenda kwa mwenzangu. Sikuelewa kabisa maana hivyo vitu si ndo Mtwara yenyewe? Sasa nisivitumie nitachora nini? Na pia nilitaka kuweka zile chale za wazee wa Kimakonde na mapiko, vile vinyago vya ngoma, je inaruhusiwa? Nimekutumia michoro minne uiangalie. — Mtoto wa Chuno

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Michoro nimeiona yote minne na mkono unao, ile mashua ya tatu imechorwa na mtu anayejua tanga linavyojaa upepo, kwa hiyo hilo la kuchora tuliache. Ila mwalimu wako namuunga mkono japo angekaa na wewe hata dakika kumi akakueleza.

Chukua ile logo yako ufute neno MTWARA uandike PEMBA, sio Pemba ya Zanzibar, ile Pemba ya Msumbiji kule Cabo Delgado. Haya iangalie. Korosho wanazo, mashua wanazo, gesi wanayo tena nyingi, na Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma kwa hiyo kinyago nacho kinakaa. Logo yako imehamia nchi nyingine na hakuna kitu kimelalamika. Ukitoa kinyago ukaandika Lindi inakaa pia. Hapo ndo mwalimu alipokwama, umekusanya vitu vinavyopatikana Mtwara, lakini mji wenyewe umekaaje, hujauchora bado.

Na moto wa gesi ningeutoa hata kama mwalimu angeupenda. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, watu wameisubiri miaka na miaka, halafu mwaka 2013 mji uliingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba la kuipeleka Dar, unajua mwenyewe maana ulikuwa mtoto lakini ulikuwepo. Kuna nyumba pale Mtwara ukiwawekea ule moto kwenye tisheti wataona kitu tofauti kabisa na ulichokusudia. Alama ya mji inavaliwa na wote, aliyefurahi na aliyeumia, sasa ya nini kuanza na kidonda.

Turudi kwenye mji ulivyokaa. We umekulia Chuno kwa hiyo pengine hujawahi kushangaa, ila mgeni akifika Mtwara kwa mara ya kwanza kitu anachokisema ni "mbona mji umeachana achana hivi?" Barabara pana, viwanja vikubwa, kutoka Shangani mpaka Ligula mpaka sokoni unapita sehemu zina nafasi tu na mikorosho na nyasi, kana kwamba mji ulikuwa unasubiri watu wengine waje. Na ni kweli ulikuwa unawasubiri! Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947 walitaka bandari ya kina kirefu kusini, wakaipanga Mtwara kama mji mkubwa wa baadaye, wakajenga na reli mpaka Nachingwea kwa ajili ya kubeba karanga. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa 1951, mwaka uliofuata makao makuu ya jimbo yakahamishwa kutoka Lindi kuja Mtwara, na reli ikaja kung'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Sa hivi kata ya Reli ipo na treni hakuna. Ramani ya mji mkubwa ilibaki, watu wakaja kuijaza taratibu kwa namna yao.

Halafu panda daladala nenda Mikindani, kilomita kama 10 tu. Kule mambo yamegeuka. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimebanana, vichochoro, milango ya kuchonga, Boma la Wajerumani la 1895 limekaa juu linaangalia ghuba, mbuyu hapa mbuyu pale. Mji wa zamani sana, majahazi yalikuwa yanafika pale kabla Mtwara haijawa hata wazo, na yule mmisionari mpelelezi Livingstone mwaka 1866 alianzia pale safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Na hii miji miwili, mmoja umebanana na mwingine umeachia, iko chini ya manispaa moja, Mtwara Mikindani. Mi nilipoangalia kazi yako nikajiuliza huyu mtoto amepita hapo mara ngapi na hajaona kwamba hiyo tayari ni dizaini?

Maana kubanana na kuachia ndo kazi yetu hii. Kata vipande vya karatasi nyeusi, vidogo vya mraba, kama 40 hivi, usiwashe laptopu kwanza. Upande mmoja vibananishe mpaka nafasi nyeupe iwe kama vichochoro vyembamba, upande wa pili viachie viwe vichache na nafasi kubwa katikati. Sogeza sogeza, piga picha kwa simu kila ukipata mpangilio unaokuvutia. Ukishapata wa kueleweka ndo uingie kwenye programu, Illustrator au Inkscape kama huna hela ya leseni, uanze kuchora kwa vekta, yaani mistari isiyoharibika hata ukiikuza. Herufi nazo zifuate hiyo hiyo tabia, neno Mikindani lishikane, neno Mtwara lipumue. Mtu akiona bango kwa mbali kabla hajasoma ajue kuna sehemu mbili zinaongea. Hii ni njia moja tu, unaweza kuja na yako nzuri zaidi, ila umeona kwamba sijagusa korosho wala mashua na tayari haiwezi kuhamia Pemba.

Kuna kazi moja nataka uitafute uiangalie kwa makini, utambulisho wa jiji la Porto kule Ureno, uliofanywa mwaka 2014 na studio ya Eduardo Aires. Porto imejaa vigae vya bluu na nyeupe ukutani, kwenye makanisa, kwenye stesheni ya treni, kwenye nyumba za watu. Wale jamaa hawakuchora kigae kimoja wakakiita logo. Walichukua ile tabia ya kigae, mraba mmoja unaoungana na wa pembeni yake, wakachora alama ndogo ndogo zaidi ya 70 za mambo ya mji wao, kila moja inakaa kwenye mraba na mistari yake inashikana na ya jirani, kwa hiyo unaweza kuweka moja kwenye kadi au zote kwenye ukuta mzima na bado ni Porto ile ile. Usiende ukachora vigae sasa! Mtwara hatuna vigae. Cha kujifunza pale ni kwamba walitengeneza kanuni, na kanuni inazaa vitu vingine hata wewe ukiwa umeshamaliza chuo. Mwalimu pengine atakuonyesha na ile ya New York ya 1977 yenye moyo mwekundu, aliyoichora Milton Glaser kwa krayoni akiwa kwenye teksi, ni nzuri lakini kwa mwanafunzi ina hatari yake maana kila mtu akishaiona anaenda kuweka moyo na jina la mji wake, nimeshaona za Arusha, za Mwanza, za Dodoma, basi tu.

Rangi. Bluu na kijani achana nazo, mji wowote wa pwani duniani una bluu na kijani. Wewe ni wa kusini, rangi zako ziko shambani. Ukienda kijijini kuanzia mwezi wa 6 hivi wakati wanapulizia salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ile njano ya unga inayobaki kwenye majani, kwenye nguo na mpaka kwenye nyusi za mpuliziaji, hiyo njano kila mkulima wa huku anaijua bila kuambiwa na mtalii hawezi kuielewa. Weka na nyeusi ya mpingo, ambayo sio nyeusi tupu, ina ukahawia ndani, na ukikata gogo pembeni kuna ule mti wa nje wa rangi ya krimu. Weka wekundu wa udongo wa kule juu Newala na Tandahimba, na nyeupe ya chokaa ya Mikindani. Ushapata rangi nne na kila moja ina kwao. Tahadhari: njano hiyo juu ya nyeupe haisomeki, iweke juu ya nyeusi. Na uzichapishe mapema, usisubiri wiki ya mwisho, kwa sababu rangi zinazong'aa kwenye skrini zikifika kwenye wino zinafifia, na bango la flexi likikaa juani miezi michache njano na nyekundu ndo zinaanza kukimbia.

Kuhusu herufi mi ningeenda kwenye maghala wakati wa msimu nikaangalie magunia. Yale maandishi yanayopigwa kwa bati lililokatwa, rangi imevuja kidogo pembeni, herufi ina daraja katikati ili bati lisikatike, hizo ni herufi zilizotokana na kazi ya watu wetu na zinapendeza balaa. Au nenda pale Shangani kwenye kivuko cha Msangamkuu uangalie majina yaliyopakwa kwenye mashua. Piga picha, chora upya kwa mkono, usichukue fonti ya mtandaoni iliyoandikwa "African" ukaona umemaliza, nyingi zile hazina uhusiano na sehemu yoyote ya bara hili. Kama herufi imetoka kwa fundi unayemjua, muombe, mlipe chochote, na jina lake liandike kwenye kazi yako, ile ni kazi yake.

Sasa chale na mapiko. Sheria ya Hakimiliki inalinda sanaa za jadi zikitumika kibiashara, kwa hiyo ulizia kabla ya kuuza chochote, na zaidi ya sheria kuna adabu. Kinyago cha mapiko ni cha ngoma ya jando, anayekivaa hatakiwi kujulikana, na kwa desturi mambo yake wanawake na watoto wasiopita jando hawakutakiwa kuyajua. Wewe unakitoa huko unakibandika kwenye kikombe cha chai. Wapo wazee hawatajali, siku hizi mapiko yanachezwa mpaka kwenye matamasha, na wapo watakaoumia kimya kimya. Kaulize kwanza. Babu yako au bibi yako wa upande wa Newala wapo? Anzia hapo, kaa nao, usiende na kalamu siku ya kwanza. Chale nazo zilikuwa kwenye uso na mwili wa mtu, na wapo wazee wachache bado wako hai wanazo, kwa hiyo usichukue uso wa mtu ukaugeuza pambo la mfuko. Ila ule mpangilio wake, mistari inayovunjika pembe pembe ikirudiwa rudiwa, vidoa vinavyofuatana, unaweza kukufundisha jinsi ya kurudia umbo bila kuchosha jicho, na huo ukiutumia kwenye miraba yako ya Mikindani na Mtwara nadhani hakuna atakayekufokea. Mwalimu akikuuliza umepata wapi unamjibu umepata kwa nani na alikuruhusu nini, watu wanasahau kuweka hicho kwenye prezentesheni.

Kabla hujarudi darasani jaribu kitu kimoja. Printi logo bila jina la mji, nyeusi na nyeupe kwa fotokopi ya kawaida, nyingine ya sentimita moja tu. Ukienda likizo ipeleke sokoni, kwa mama lishe, kwa bodaboda wa kijiweni, uliza tu "hii inakukumbusha wapi?" halafu unyamaze. Usiwaeleze. Watakupa majibu ya ajabu na mengine yatakuudhi, yaandike yote kama yalivyo, hata yule atakayesema inafanana na mahesabu.

SWALI: Kaka mimi nipo Lindi mjini, nimeona unajibu sana mambo ya dizaini. Tuna kikundi chetu cha vijana tunataka kutengeneza tisheti za Lindi, wote tumekubaliana tuweke yule mjusi wa Tendaguru. Ila kila tukichora anatoka kama wa katuni ya watoto. Tusaidie. — Vijana wa Mtanda

JIBU: Anatoka wa katuni kwa sababu mnamchora kutoka kwenye katuni, mmegoogle "dinosaur" nyie, msinidanganye. Wazo lenyewe ni zuri sana, mifupa ile ilichimbwa Tendaguru mkoani kwenu na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo mkubwa wao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Lakini huyo aliyesimama Berlin ni wa Berlin kwa picha, tayari wanamuuza kwenye postikadi zao.

Cha kwenu ni barabara. Zile zaidi ya tani 200 za mifupa hazikuruka, zilibebwa na watu kichwani na mabegani, safari ya siku nne kwa miguu kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, mamia ya watu wa huko huko kwenu, na waliochimba walikuwa wa kwenu pia, msimamizi wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani. Sasa chora uti wa mgongo wa yule mnyama, pingili baada ya pingili, mstari mrefu unaozunguka tisheti kutoka mgongoni mpaka kifuani, halafu kila pingili ukiiangalia vizuri ni mtu amebeba mzigo kichwani. Kwa mbali mjusi, kwa karibu wapagazi. Rangi moja tu, inatosha, na gharama ya kuprinti inashuka. Mkifanikiwa nitumieni moja, saizi yangu ni XL.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Newala. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne, kutwa kuchora, anataka korosho za mwaka huu nimnunulie laptopu mpya ya bei kubwa na nimpeleke akasome hiyo dizaini. Nauliza, hii kazi ipo kwetu huku au nitakuwa nimetupa hela? — Mzee wa Newala

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kazi ipo na sehemu yake kubwa iko hapo hapo ulipo. Korosho zetu nyingi bado zinatoka ghafi na maganda yake kwenda India na Vietnam, ila vikundi vya akina mama na viwanda vidogo vinavyobangua vinaongezeka, na wengi wanauza kwenye mfuko mweupe wa plastiki usio na hata jina. Mfuko unaotaka kuingia supamaketi unahitaji jina, uzito, tarehe, anuani ya mzalishaji, alama ya TBS ikishapatikana, msimbo wa mistari (barcode), na vyote vipangwe visomeke na vivutie. Kijana anayejua hilo na anayeijua korosho tangu shambani hatakosa wa kumlipa, japo mwanzo atalipwa kidogo na wengine watamlipa korosho, mzee wangu nakwambia ukweli.

Shule zipo, TaSUBa ya Bagamoyo wanafundisha sanaa, na akiendelea na masomo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna idara ya sanaa bunifu. Ila kabla ya ada mpe kazi, atafute kikundi kimoja cha ubanguaji hapo Newala awachoree lebo, aone kama anaweza kukaa na mteja anayebadilisha mawazo kila siku. Laptopu ya bei kubwa mkatalie kwa sasa. Iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inamtosha, aweke Inkscape na Krita ambazo ni za bure, na aende na mtu anayejua kompyuta siku ya kununua, waiwashe hapo hapo dukani na kuichomoa kwenye umeme waone betri inakaa muda gani.